Bluu, fosfeti, Cerakote, naitraidi au DLC: kinga ipi kwa bunduki uliyochongesha?

Ukiagiza bunduki ya kuwindia kwa fundi, swali gumu huja mwisho. Mtutu umeshachaguliwa, kitako kimeshachongwa kwa urefu wa mkono wako, kifyatulio kimeshawekwa uzito unaoupenda. Halafu fundi anauliza: chuma tukimalizie na nini? Wengi hujibu kwa kuonyesha picha waliyoipenda kwenye simu. Naomba usijibu hivyo. Jibu hilo ndilo litakaloamua kama mwanao atarithi bunduki au chuma kilicholiwa.

Nimebeba bunduki moja Longido mwezi wa Julai, vumbi likiingia hadi kwenye meno, na nimeibeba hiyo hiyo bonde la Kilombero mvua za Novemba zilipoanza. Kote huko chuma huumia, ila kwa njia mbili zinazopingana. Unyevu unataka mafuta: tabaka jembamba la mafuta ndilo linalozuia maji yasifike kwenye chuma. Vumbi halitaki mafuta kabisa, kwa sababu vumbi likikutana na mafuta hugeuka tope la kusagia, na kila unapovuta bolti, yaani kile chuma kinachosukuma risasi ndani na kuifungia, unakisaga chuma chako mwenyewe. Mipako yote nitakayoieleza inajibu mgongano huo, kila mmoja kwa namna yake.

Jambo la pili nililifunzwa na kosa langu. Nilitoka Kilombero na bunduki ya .375 H&H inang'aa kwa nje, nimeifuta kila jioni. Miezi mitatu baadaye nikafungua skrubu za kitako. Upande wa chini wa mtutu, ule uliofichwa na mti, ulikuwa umeota vipele vyekundu kuanzia kwenye chemba, mahali risasi inapokaa, kwenda mbele. Maji yalikuwa yamepenya kati ya mti na chuma yakakaa humo. Tangu siku hiyo, mtu akinisifia mpako wowote, naanza kumuuliza unafika wapi.

Vitu vya kupima kabla ya kuchagua

Nitatumia vipimo vitano kwa kila mpako. Kutu: unahimili vipi jasho, damu, mvua na hewa ya bahari, na je, wenyewe unazuia maji au unategemea mafuta? Msuguano: unastahimili vipi mkanda, vyuma vya Land Cruiser, na bolti inayokwenda na kurudi? Joto na vipimo: kazi yenyewe hufanyika kwa joto gani, unaongeza unene kiasi gani, na kuna chuma gani kisichotakiwa kuingizwa humo? Marekebisho: ukichubuka, unafanyaje? Mwisho, anayefaa.

Bei sitaitaja kwa tarakimu, maana hubadilika kwa fundi na kwa nchi. Kwa mpangilio wa kawaida, bluu ya kuchemsha na fosfeti ndizo nafuu, Cerakote na naitraidi ziko katikati, DLC na bluu ya kutu iliyofanywa kwa mkono ziko juu.

Bluu

Kuna bluu mbili, na kuzichanganya ni hatari. Ya kwanza ni ya kuchemsha: chuma kilichosuguliwa huzamishwa kwenye bafu la kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni, pamoja na naitreti, kwa joto la nyuzi 140 hivi. Ya pili ni bluu ya kutu. Fundi hupaka dawa ya asidi, huacha chuma kiote kutu kwenye chumba chenye unyevu, kisha hukichemsha kwenye maji safi. Ile kutu nyekundu hugeuka kuwa nyeusi, naye huikwangua kwa stilwaya laini na kuanza upya. Hurudia mara sita, nane, hata kumi, siku baada ya siku. Zote mbili mwishoni ni kitu kimoja: magnetaiti, yaani oksaidi nyeusi ya chuma.

*Kutu.* Hapa bluu ni dhaifu, na anayekwambia vinginevyo anakuuzia. Tabaka lake ni la mikroni moja hivi, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, na kazi yake ni kushika mafuta. Mafuta yakikauka, kinga imekwisha. Jasho na damu vina chumvi na huila haraka. Angalia bunduki ya zamani ya bluu, mbele kidogo ya kitako, mahali mbebaji anaposhika: utaona alama ya vidole vyake. Bluu ya kutu hushika mafuta vizuri zaidi kuliko ya kuchemsha, na kwa macho yangu huzeeka kwa heshima zaidi.

*Msuguano.* Hukwanguka. Kingo za mdomo wa mtutu na kitasa cha bolti huwa vyeupe baada ya misimu michache.

*Joto na vipimo.* Haiongezi unene wa kuhesabika, kwa hiyo haisumbui mahali popote panapobana. Lakini sikiliza hapa kama una bunduki ya mitutu miwili. Mitutu hiyo imeungwa kwa lehemu ya metali za risasi na bati. Bafu la kuchemsha halifikii joto la kuyeyusha lehemu. Kostiki ndiyo inayoila lehemu yenyewe, na chumvi ikinasa kati ya mitutu itatoka taratibu kwa miaka, ikila chuma kutoka ndani. Bunduki ya namna hiyo hupewa bluu ya kutu peke yake, na ndiyo maana mafundi wa London hawajaiacha. Alumini nayo huyeyuka kwenye kostiki, basi ving'oe vifungio vya darubini kwanza. Stenlesi haishiki bluu hizi za kawaida.

*Marekebisho.* Hapa haina mpinzani. Palipochubuka, fundi yeyote mwenye subira anaweza kuparudishia bluu ya kutu bila mashine ya maana.

*Anayefaa.* Mtu anayependa chuma na mti wa mjozi, anayefuta bunduki yake kila jioni bila kukumbushwa, na mwenye bunduki ya mitutu miwili.

Fosfeti

Ni ile rangi ya kijivu isiyong'aa ya bunduki za jeshi. M1 Garand ya Wamarekani katika Vita Kuu ya Pili ilimaliziwa hivi. Chuma huparuzwa kwa mchanga unaorushwa na kompresa, kisha huzamishwa kwenye fosfeti ya manganizi au zinki kwa joto la nyuzi 90 hivi.

*Kutu.* Inapita bluu kwa mbali, kwa sababu ina vitundu vingi vidogo vinavyonyonya mafuta na kuyahifadhi. Lakini ikiwa kavu haina maana. Ni sponji tu. *Msuguano.* Wastani, na uso wake wenye mkwaruzo haupendezi kwenye reli za bolti mpaka ulainike kwa matumizi. *Joto na vipimo.* Joto dogo, na unene wa mikroni 5 hadi 15. Haishiki kwenye stenlesi wala alumini. *Marekebisho.* Hufanywa upya kwa urahisi, ila kuweka kiraka mahali pamoja pasionekane ni vigumu.

Jambo linaloifanya niiheshimu ni kwamba rangi huing'ang'ania. Waingereza walipaka rangi nyeusi juu ya fosfeti kwenye L1A1 zao, na bunduki hizo zilifanya kazi kwenye misitu yenye mvua. Ukitaka kinga mbili kwa bei ya wastani, njia hiyo bado ni nzuri.

*Anayefaa.* Mwenye bunduki ya kazi, mlinda shamba au mwindaji asiyejali mng'ao, anayekaa mahali pa unyevu kuliko vumbi. Longido singeipeleka ikiwa imelowa mafuta.

Cerakote

Hili ni jina la biashara la kampuni ya NIC Industries ya Oregon, Marekani, ingawa watu sasa huita hivyo kila mpako wa aina hiyo. Ni rangi ya polima iliyochanganywa na kauri. Chuma huondolewa mafuta yote, huparuzwa kwa mchanga wa alumina, hupuliziwa rangi kwa bunduki ya rangi, kisha huokwa kwenye oveni. Aina ya H huokwa kwa nyuzi 121 kwa saa mbili. Aina ya C hukauka yenyewe bila oveni na imetengenezwa kwa sehemu zenye joto kali.

*Kutu.* Hapa ndipo inapong'ara, na kwa mtu wa Tanga, Mafia au Bagamoyo hoja hii peke yake inaweza kutosha. Bluu na fosfeti hubeba mafuta. Hii yenyewe ni ukuta. Maji ya chumvi hayapiti mahali ambapo mpako ni mzima. Kwa hiyo unaweza kuiacha kavu kwa nje, na kavu ndiyo vumbi linavyotaka. Ni mojawapo ya mipako michache inayomjibu mtu anayetoka nyika kavu kwenda bondeni katika msimu mmoja.

Lakini kuna sharti kubwa: ukuta huo ni mzima kama maandalizi yalivyokuwa mazima. Mafuta yakibaki kwenye tundu moja la skrubu, wakati wa kuoka hutoka na kuiinua rangi. Na mara nyingi hupuliziwa kinachoonekana tu. Mwambie fundi, kwa maneno ya wazi, kwamba unataka upande wa chini wa mtutu na mahali panapolala kwenye kitako vipuliziwe pia. Ndani ya mtutu na kwenye chemba haipakwi kabisa, kwa hiyo huko kazi ya kusafisha inabaki kwako.

*Msuguano.* Ni ngumu kwa rangi, ila bado ni rangi. Mkanda wa ngozi hauiumizi. Chuma cha gari kikiigonga kwenye kingo, huchunika.

*Joto na vipimo.* Nyuzi 121 hazigusi ugumu wa chuma wala springi, na ziko chini ya 183, ambako lehemu ya kawaida ya risasi na bati huanza kuyeyuka. Hushika kwenye chuma, stenlesi, alumini na plastiki. Tatizo ni unene: mikroni 25 hivi kwa kila uso, na nyuso mbili zinazokutana zinakuwa 50. Bolti iliyochongwa ibane vizuri inaweza kukataa kuingia. Sehemu hizo zizibwe kabla ya kupulizia, au zipewe mpako mwingine.

*Marekebisho.* Palipochubuka unaweza kupatia rangi ya kugusia, ila kazi ya kweli ni kuparuza yote na kuanza upya.

*Anayefaa.* Mtu wa pwani, mtu wa visiwani, mwenye jasho kali la mikono, na anayetaka rangi isiyomulika juani. Nyeusi nzito kwenye jua la saa sita huwaka mkononi. Rangi ya mchanga ni afadhali.

Naitraidi

Hii si kitu kinachopakwa. Ni kubadilisha ngozi ya chuma chenyewe. Sehemu huzamishwa kwenye chumvi iliyoyeyuka kwa joto la karibu nyuzi 580, naitrojeni na kaboni huingia ndani ya chuma, na uso hugeuka kuwa tabaka gumu la mikroni 10 hadi 20, huku chini yake ugumu ukipungua taratibu. Tenifer na Melonite ni majina ya biashara ya kazi hiyo. Glock za Austria ndizo zilizoifanya ijulikane kwa watu wa silaha.

*Kutu.* Nzuri sana kwenye chuma cha kawaida, na kuna jambo moja linalonifanya niipende kuliko yote: inaingia ndani ya mtutu. Bafu la chumvi halichagui uso. Mifereji ya ndani, chemba, nyuzi za skrubu, chini ya mti, kote hupata ngozi ile ile. Kwa kosa langu la Kilombero, hili ndilo jibu kamili. Kwenye stenlesi, hata hivyo, inaweza kupunguza ule uwezo wa kukataa kutu uliokufanya ununue stenlesi.

*Msuguano.* Uso huwa mgumu sana. Haubanduki, maana hakuna kilichobandikwa. Bolti huteleza vizuri hata na mafuta machache.

*Joto na vipimo.* Vipimo karibu havibadiliki. Joto ndilo la kuogopa. Nyuzi 580 huyeyusha lehemu na hulegeza springi. Na tafadhali, kama fundi wako amejenga bunduki juu ya Mauser 98 ya zamani, usikubali ipelekwe huko. Vyuma vile vingi ni laini ndani na vimegandishwa ugumu ngozi ya nje tu. Joto hilo huulainisha ugumu uleule unaoshika nguvu ya risasi mbele ya uso wako. Chuma cha kisasa cha kromu na molibdeni hakina shida hiyo, mradi kiwanda kiambiwe ni chuma gani.

*Marekebisho.* Kwa kawaida hakuna cha kurekebisha. Ubaya wake ni kwamba baadaye fundi akitaka kutoboa tundu la kifungio au kukata chemba upya, vifaa vyake vitateleza juu. Kazi zote za kuchonga zimalizike kwanza.

*Anayefaa.* Anayejenga bunduki mpya kwa chuma cha kisasa, anayewinda kwenye mvua na vumbi kwa pamoja, na anayejijua si mtu wa kufuta silaha kila siku.

DLC

Ni kifupi cha Kiingereza cha diamond-like carbon. Hili ni tabaka la kaboni lenye ugumu unaokaribia almasi, linalowekwa ndani ya mashine isiyo na hewa. Unene wake ni mikroni 1 hadi 4 tu, rangi yake nyeusi ya kung'aa kidogo.

*Kutu.* Wengi hukosea hapa. Tabaka jembamba hivyo lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na kwenye chuma cha kawaida kutu itaanza humo na kusambaa chini yake. Hivyo huwekwa juu ya stenlesi, au juu ya chuma kilichokwisha kufanyiwa naitraidi. Ndani ya mtutu mrefu halifiki. *Msuguano.* Hakuna kinacholikaribia. Bolti yenye DLC huteleza kavu kana kwamba imepakwa mafuta, na vumbi halina cha kushika. *Joto na vipimo.* Halibani popote. Joto hutegemea mashine, kwa hiyo kiwanda kiulizwe. *Marekebisho.* Uwandani hakuna. Na kwa wengi wetu ina maana ya kuagiza sehemu ikiwa imeshafanyiwa kazi huko huko inakotengenezwa, kwa sababu kusafirisha silaha nje na kuirudisha kunataka vibali vya pande mbili.

*Anayefaa.* Anayetaka bolti isiyokwama kwenye vumbi, na mlenga shabaha anayefyatua mamia ya risasi kwa mwezi.

Kabla ya kuikabidhi

Namba ya silaha isiguswe. Mchanga wa kuparuza unaweza kuipunguza kina, na rangi nene inaweza kuijaza hadi isisomeke. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na siku ya ukaguzi hakuna atakayesikiliza habari za mpako. Piga picha ya namba kabla, mwambie fundi aizibe, na mpe kazi fundi mwenye kibali peke yake. Hakikisha pia leseni yako inaruhusu bunduki kuwa mikononi mwake kwa muda huo.

Jambo jingine dogo: mpako wowote ule, usiihifadhi bunduki ndani ya mkoba wa ngozi au sanduku la sponji. Vyote hushika unyevu na kuulaza kwenye chuma usiku kucha. Na kama umefyatua risasi za zamani za jeshi, kapsuli zake nyingi, vile vidude vinavyowasha baruti, huacha chumvi ndani ya mtutu inayovuta maji hewani. Hiyo hutolewa kwa maji ya moto kwanza, ndipo mafuta yafuate.

Kwa hali yako

Ukikaa pwani na bunduki hulala ndani ya nyumba yenye hewa ya bahari: Cerakote nje, hadi chini ya mti, na ndani ya mtutu mafuta kila wiki, hata kama hujaitumia. Usidhani stenlesi inakuokoa. Stenlesi ya mitutu mingi huongezwa salfa ili ichongeke, na ile hushika kutu karibu na chumvi.

Ukiwa mwindaji bingwa unayehama kutoka nyika kavu kwenda bondeni na bunduki yako ni mpya: naitraidi kwa mtutu na chemba, na kama fedha inatosha, DLC kwenye bolti. Ukishindwa kuipata naitraidi, Cerakote nje na bolti iachwe chuma kitupu chenye mafuta kidogo.

Ukiwa Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, bunduki yako huenda inaishi kwenye uwanja wa shabaha. Huko mvua si adui mkubwa kama wingi wa risasi, basi angalia msuguano kwanza: naitraidi au DLC kwenye bolti, na nje chochote unachokipenda.

Bajeti ikiwa ndogo na bunduki ni ya kazi: fosfeti na rangi juu yake.

Ukiwa umerithi bunduki ya mitutu miwili ya mzee, usiruhusu mtu aitie kwenye bafu lolote. Mtafute fundi wa bluu ya kutu, hata ikibidi kumsubiri mwaka mzima. Wakati unasubiri, ifute kwa kitambaa chenye mafuta na uisimamishe mdomo ukitazama chini, mafuta yasichuruzike yakaingia kwenye mti.